Mbwa Anapowaswaga Watoto Kama Mbuzi: Mwongozo Kamili kwa Kaya za Lindi na Mtwara

Jioni moja ya mwezi Oktoba, nyumbani kwetu pembezoni mwa Masasi, watoto saba walikuwa wakicheza rede chini ya mkorosho. Mbwa wetu Popi, aliyekuwa na umri wa miezi kumi, hakubweka wala hakunguruma. Aliinamisha kichwa hadi kikawa sawa na mabega, akawakazia macho, kisha akaanza kuwazunguka kwa duara pana, na kila mtoto aliyechomoka kundini alimkuta mbwa amekwisha kumzibia njia. Baada ya dakika chache wote saba walikuwa wamebanana kwenye shina la mkorosho, nasi watu wazima tuliokuwa barazani tukacheka na kusema kwamba sasa tumepata yaya. Wiki mbili baadaye mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka sita, alipita mbio akitoka madrasa. Popi alimdaka pindo la kanzu kwa nyuma, mtoto akaanguka kifudifudi, akachubuka magoti na kupasuka mdomo.

Ninaandika mwongozo huu kwa sababu ya kicheko kile cha kwanza. Kila alichokifanya Popi siku ya kanzu alikuwa amekwisha kutuonyesha wiki mbili kabla, ila sisi tulikiona kuwa kichekesho. Mbwa anayewaswaga watoto hana chuki nao, na mara nyingi anawapenda kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani; lakini mapenzi hayo hayapunguzi ukali wa meno yake, na uso wa mtoto wa miaka mitatu uko karibu sawa na kimo cha mdomo wa mbwa mkubwa. Kazi ya kuiongoza silika hiyo ni ya watu wazima, na inapaswa kuanza siku ile mbwa anapowazunguka watoto kwa mara ya kwanza, kabla jino halijagusa nguo.

Silika hii inatoka wapi

Mbwa wote wamerithi kutoka kwa mbwamwitu mfuatano wa matendo ya kuwinda: kumwona mnyama, kumkazia macho, kumnyemelea, kumkimbiza, kumkamata kwa meno, kumuua na kumla. Wafugaji wa nchi mbalimbali, kwa kuchagua mbwa wa kuzalisha kizazi baada ya kizazi, waliukuza mwanzo wa mfuatano huo na kuudhoofisha mwisho wake, wakapata mbwa anayekazia macho, ananyemelea na kukimbiza, lakini haui. Border Collie wa eneo la mpaka kati ya England na Scotland huwasukuma kondoo kwa macho na kwa namna anavyojipanga. Mbwa wa ng'ombe wa Australia huwauma ng'ombe visigino ili wasogee. Na German Shepherd, ambaye ukoo wake ulianza kuandikishwa Ujerumani mwaka 1899 chini ya Max von Stephanitz, alitokana na mbwa waliotembea ukingoni mwa kundi tangu asubuhi hadi jioni ili kondoo wasiingie katika mashamba ya watu.

Huku kwetu kusini, Border Collie ni nadra. Tunaokutana nao ni chotara wa German Shepherd, ambao hufugwa mijini kwa ulinzi, pamoja na mbwa wa kienyeji. Mbwa wa kienyeji kwa kawaida hakuchaguliwa kwa kazi ya kuswaga: atakimbiza, lakini ni nadra kumwona akijipanga na kuzingira. Hata hivyo wapo waliokulia mazizini. Wafugaji walipohamia Lindi na ng'ombe wao baada ya kuondolewa katika bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007, walikuja na mbwa wao, na vizazi vya mbwa hao vimeenea vijijini. Mama yake Popi alitoka katika boma la wafugaji, na baba yake alikuwa chotara wa German Shepherd wa mjini, kwa hiyo hatukupaswa kushangaa.

Mtoto mdogo huiwasha silika hii kuliko kitu kingine chochote uani. Hukimbia ghafla na kubadili mwelekeo ghafla, hupiga kelele za sauti nyembamba, huanguka na kuinuka, na nguo yake hupepea. Rede, kombolela, chandimu na kuendesha tairi kwa kijiti ni michezo ambayo, kwa macho ya mbwa wa aina hii, haina tofauti na kundi la mbuzi lililotawanyika. Msimu wa korosho huzidisha hatari, kwa kuwa kuanzia Oktoba hadi Desemba watu wazima huondoka alfajiri kwenda kuokota, na watoto hubaki nyumbani au huzurura chini ya mikorosho wakitafuta mabibo, mara nyingi wakiwa na mbwa na bila mtu mzima.

Kutofautisha kuswaga na mambo mengine

Kabla ya kuanza mafunzo, mtazame mbwa kwa siku tatu au nne, watoto wakiwa upande wa pili wa uzio. Mbwa anayeswaga hunyamaza. Kichwa hushuka, shingo hunyooka, mguu mmoja wa mbele huweza kubaki hewani, na macho huganda kwa mtoto mmoja, kwa kawaida yule anayekwenda kasi zaidi au aliyejitenga. Kisha huzunguka, hukata njia, husukuma kwa pua, na mwisho hudaka kisigino au pindo la nguo. Mbwa anayecheza ana mwili mlegevu. Huinamisha kifua huku makalio yakiwa juu, huachia nafasi ya yeye naye kukimbizwa, na hupumzika mwenyewe.

Mbwa anayekakamaa akiwa karibu na chakula chake, anayeonyesha meno, au anayenguruma mtoto anapomkaribia alipolala, ana tatizo jingine ambalo mafunzo ya hapa hayatalimaliza. Mbwa mzima aliyekuwa mpole na akaanza ghafla kuwadaka watoto huenda ana maumivu ya sikio, jino au kiungo, na anapaswa kuonwa na mtaalamu wa mifugo kwanza. Ukiona mabadiliko ya ghafla ya tabia yakiambatana na kutoka mate mengi, kushindwa kumeza, kuyumba, au kung'ata vitu ovyo, usimguse wala usijaribu kumfundisha chochote: waondoe watoto, fungeni milango, na mwite afisa mifugo wa kata mara moja, kwa sababu hizo ni dalili za kichaa cha mbwa.

Jambo muhimu la kujifunza katika siku hizo za kutazama ni muda unaopita kati ya macho kuganda na miguu kuondoka. Kwa Popi ulikuwa kama sekunde tatu. Katika sekunde hizo masikio yake bado yalikuwa wazi na jina lake lilimfikia. Akishaanza kukimbia, ningeweza kuita hadi sauti ikauke. Mafunzo yote yanayofuata yanafanyika ndani ya muda huo mfupi, na mwenye mbwa asiyejua kuutambua atabaki kupiga kelele nyuma ya mbwa anayekimbia.

Hatua ya kwanza: tenganisha leo hii

Kila mara mbwa anapofanikiwa kuwakusanya watoto, anajilipa mwenyewe, kwa kuwa furaha ya tendo lenyewe ni malipo makubwa kuliko kipande chochote cha nyama. Kwa hiyo zuia kwanza, ufundishe baadaye. Gawa uwanja kwa uzio wa mianzi au fito wenye urefu usiopungua mita moja na nusu, na uzibe sehemu ya chini kwa makuti hadi kimo cha kifua cha mtu mzima. Makuti hayo ni ya lazima. Mbwa anayewaona watoto wakikimbia upande wa pili atakwenda na kurudi kando ya uzio siku nzima akiwaswaga kwa macho, na jioni atakuwa mkali kuliko alivyoamka.

Anapokuwa nje ya banda wakati watoto wapo, avae ukanda wa shingoni wenye kamba ya mita tano, na ncha ya kamba iwe mkononi mwa mtu mzima. Usimfunge kwa mnyororo kwenye mti ulio katikati ya mahali watoto wanapochezea, kwani mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia anapobughudhiwa, na mtoto hajui mnyororo unafika wapi. Banda lenye kivuli, maji na hewa ni bora kuliko mnyororo mrefu kiasi gani.

Kuhusu usimamizi, taja jina. Kusema "tutawaangalia" katika nyumba yenye watu wanane maana yake ni kwamba hakuna anayeangalia. Sisi tulikubaliana kwamba anayeshika kamba ndiye mwangalizi, na akitaka kwenda kuepua sufuria jikoni anamkabidhi mwingine kamba mkononi au anamrudisha mbwa bandani. Dada wa miaka kumi hatoshi kwa kazi hii, hata awe na akili na utii namna gani. Mbwa mwenye kilo ishirini na tano akiruka, mtoto huyo ataachia kamba au ataburutwa.

Hatua ya pili: kazi, chakula na usingizi

Mbwa wa namna hii aliyekaa bure tangu asubuhi atajitafutia kazi, na kazi iliyo karibu ni watoto wako. Mtembeze saa kumi na mbili asubuhi kabla mchanga haujashika moto, kwa dakika arobaini au zaidi, na jioni tena. Wakati wa joto weka mgongo wa kiganja chako juu ya mchanga au lami. Ukishindwa kuvumilia kwa sekunde tano, nyayo zake pia hazitavumilia.

Mbio peke yake hazitoshi, na kumrushia mpira mara hamsini humwongezea pupa ya kukimbiza badala ya kuipunguza. Mpe kazi ya pua: tawanya dagaa wakavu wachache kwenye majani mafupi na umwache awatafute kwa robo saa. Pua ikifanya kazi kichwa huinama na moyo hutulia, na utamwona baadaye akilala bila kuamrishwa. Ukimpeleka shambani, angalia asitafune korosho mbichi zenye maganda, kwa kuwa mafuta yaliyomo ndani ya ganda huunguza mdomo kama yanavyounguza vidole vya wabanguaji.

Usingizi husahaulika. Mbwa mzima huhitaji kulala kati ya saa kumi na mbili na kumi na nne kwa siku, na mtoto wa mbwa zaidi ya hapo. Mbwa aliyekesha akibwekea wapita njia, kisha akasumbuliwa mchana kutwa, hana uwezo wa kujizuia saa kumi na moja jioni, ambayo ndiyo saa watoto wanapochangamka.

Hatua ya tatu: gunia

Hii ndiyo hatua niliyoitegemea kuliko zote. Mbwa hawezi kufundishwa "usiswage", kwa sababu hilo si tendo. Anaweza kufundishwa kwenda mahali fulani na kulala pale, na mbwa aliyelala juu ya gunia hawezi wakati huohuo kumzunguka mtoto.

Chukua gunia kuukuu, lifue, likunje mara mbili na uliweke kwenye kona tulivu ya uwanja ambapo watoto hawapiti. Andaa dagaa au maini yaliyochemshwa bila chumvi wala vitunguu, ukiyakata vipande vya ukubwa wa punje ya mbaazi. Vipande vikubwa humshibisha mapema na kumfanya atafune kwa muda mrefu, na somo hukatika.

Siku ya kwanza, watoto wakiwa ndani, simama karibu na gunia na usiseme neno. Akiligusa kwa mguu, hata kwa bahati, sema "Ndiyo!" papo hapo na udondoshe kipande juu ya gunia lenyewe, usimpe mkononi. Neno hilo fupi ndilo linalomwonyesha ni tendo lipi limelipwa, kwa hiyo likichelewa hata kwa sekunde mbili utakuwa umelipa kitu kingine. Popi alihitaji karibu dakika nne kabla ya kuweka mguu wa kwanza, na kufikia mwisho wa robo saa alikuwa akienda mwenyewe na kunitazama. Siku ya pili na ya tatu subiri miguu yote minne, kisha subiri alale. Pale tu anapokuwa akienda na kulala bila kusitasita ndipo utaje neno "Gunia" kabla hajaondoka. Ukilitaja mapema, atalijua kama kelele nyingine ya nyumbani.

Baada ya hapo ongeza muda kwanza na umbali baadaye, wala usiongeze vyote kwa siku moja. Alale sekunde tano, kumi, thelathini, dakika moja. Kisha wewe usogee hatua mbili na kurudi kumlipa akiwa bado amelala. Akiinuka kabla ya kuruhusiwa, usimkaripie, mrudishe na upunguze muda. Vipindi viwili vya dakika tano kwa siku vinazidi kipindi kimoja cha nusu saa, na baada ya wiki tatu mbwa wengi huweza kulala dakika kumi huku watu wazima wakipita.

Kwa njia hiyohiyo fundisha maneno mengine mawili. "Njoo" liwe neno ambalo daima linaleta jambo zuri: usimwite kwa neno hilo ili umfungie au umwogeshe. "Acha" lifundishwe kwa ngumi iliyofumba kipande cha nyama. Atanusa, atalamba, atakwaruza, na sekunde anayotoa pua, sema "Ndiyo" na umpe kipande kingine kutoka mkono wa pili.

Hatua ya nne: kuwaleta watoto kwa kupunguza umbali

Sasa mbwa anajua kazi yake pasipo watoto. Weka gunia mita thelathini kutoka mahali ambapo mtoto mmoja mkubwa, mwenye umri wa miaka kumi hivi na anayejua kufuata maelekezo, atakuwa akitembea taratibu. Wewe umeshika kamba. Kila mbwa anapomtazama mtoto na kisha kukugeukia, sema "Ndiyo" na umlipe. Akimtazama kwa zaidi ya sekunde mbili bila kupepesa, umekaribia mno: inuka, geuka, ondoka naye hatua kumi nyuma, na uanze hapo.

Nitaeleza kipindi kimoja kama kilivyokuwa, kwa sababu maelezo ya jumla hayaonyeshi jinsi mambo yanavyokwenda polepole. Ilikuwa wiki ya pili ya hatua hii. Binti yangu alitembea kushoto kwenda kulia, mita ishirini na tano mbele yetu, akiwa na ndoo tupu kichwani. Popi alimtazama, masikio yakasimama, mdomo wake uliokuwa wazi ukafunga. Mdomo kufunga ndiyo alama yake. Wengine hukunja mkia, wengine hukunja paji la uso. Nilivuta pumzi bila kusema kitu, nikahesabu moja, na kabla ya mbili akageuza kichwa na kunitazama. Nikamlipa vipande vitatu mfululizo juu ya gunia. Binti akarudi, na safari hiyo mdomo haukufunga. Tulirudia mara nne na tukaacha hapo. Kipindi kizima hakikuzidi dakika tatu.

Kutoka kutembea, nenda kwenye kutembea kwa haraka, kisha kukimbia mstari mmoja, kisha kukimbia huku kanga ikipepea, kisha watoto wawili, kisha mpira, na kelele ziwe za mwisho. Kila unapoongeza jambo jipya, rudisha umbali nyuma kwa mita kumi au zaidi. Popi alitumia karibu miezi mitatu kutoka mita thelathini hadi mita tano, na mpaka leo watoto wakicheza kombolela yeye hubaki nyuma ya uzio, kwa kuwa nimeamua kwamba mchezo ule ni mzito kwake. Mbwa aliye kati ya miezi minane na kumi na minane huweza kusahau kwa wiki nzima alichokijua vizuri. Punguza ugumu, endelea, wala usifikiri kwamba amekudharau.

Katika hatua hii watu wengi huchukua fimbo. Nakusihi usifanye hivyo. Mbwa anayepigwa watoto wanapokaribia hajifunzi kwamba kuswaga ni kosa. Anajifunza kwamba watoto wakikaribia yeye huumia, na hapo unamgeuza mbwa aliyewapenda kuwa mbwa anayewaogopa. Vivyo hivyo usimwadhibu kwa kunguruma. Ngurumo ni onyo, na mbwa aliyenyang'anywa onyo lake huuma bila kutoa sauti.

Hatua ya tano: watoto nao wafundishwe

Chini ya miaka mitano usitegemee mafunzo ya mtoto hata kidogo. Kwake ni uzio na mwangalizi tu. Kuanzia miaka mitano au sita wafundishe michezo miwili, na muifanye mara kwa mara mbwa akiwa bandani, mpaka miili yao ijue kabla akili haijafikiri.

Wa kwanza ni Mnazi. Mtu mzima akisema "Mnazi!", kila mtoto anasimama pale alipo, anakunja mikono kifuani, anatazama vidole vya miguu yake na kunyamaza. Mnazi haukimbii wala haupigi kelele, na mbwa anayeswaga akikosa mwendo hupoteza hamu. Wa pili ni Kobe, kwa ajili ya mtoto aliyekwisha kuangushwa: anajikunja kwa magoti na tumbo, viganja vinafunika shingo kwa nyuma, mikono na viwiko vinalinda masikio na uso, na hatoki humo mpaka mtu mzima amguse begani. Watoto wetu walikipenda Kobe kiasi cha kukicheza hata kitandani.

Wakatazwe pia kumkimbiza mbwa, kumpanda mgongoni, kumgusa anapokula au kulala, na kumwamrisha kwenda kwenye gunia. Amri ya gunia ni ya watu wazima pekee, na mbwa aliye juu ya gunia hasogelewi na mtoto kwa sababu yoyote ile, kwa maana pale ndipo pumziko lake lilipo.

Majirani, madrasa na suala la najisi

Mwongozo ulioandikwa ng'ambo hautagusa jambo hili, nalo kwetu ni zito. Sehemu kubwa ya majirani zetu kuanzia Kilwa hadi Mikindani na bara yake ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao kwao mate ya mbwa ni najisi, na nguo iliyoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mafundisho hayohayo yanaruhusu mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa kulinda shamba, kwa hiyo ugomvi haupaswi kuwa juu ya kufuga, bali juu ya mbwa anayewafikia watoto wa watu barabarani. Mbwa anayedaka pindo la kanzu amemuumiza mtoto na pia amemharibia swala.

Baada ya tukio letu nilikwenda kwa mzee wa nyumba ile jioni ileile, nikapiga hodi, nikaomba radhi kabla ya kueleza lolote, na nikamwambia mbwa wangu amechanjwa na nimeleta kadi aione. Nilimwahidi mambo mawili: kwamba kuanzia alasiri watoto wanapokwenda madrasa hadi magharibi wanaporudi mbwa atakuwa bandani, na kwamba nitajenga uzio upande wa njia. Nilishukuru kwamba aliniambia, "Mwanangu, mbwa ni wako, lakini njia ni yetu sote." Jua ratiba ya watoto wa jirani kama unavyoijua ya wako.

Jino likishagusa ngozi

Mchubuko mdogo wa jino ulioleta hata tone la damu ni jeraha la mbwa, na hutendewa kama jeraha la mbwa. Osha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano kamili. Kata kidumu tundu dogo kama huna bomba. Usipake majivu, mafuta ya taa wala dawa ya majani. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje. Si kila zahanati huwa na chanjo ya kichaa cha mbwa, hivyo uliza mapema, kabla ya siku ya shida, ni kituo gani cha karibu kinachoitunza, iwe ni hospitali ya wilaya, Hospitali ya Ndanda, Ligula pale Mtwara au Sokoine pale Lindi. Ugonjwa huu dalili zikishaanza kwa binadamu karibu daima huua, lakini chanjo ikitolewa mapema na kukamilishwa huzuilika.

Mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira. Afungiwe mahali salama na aangaliwe kwa siku kumi na mtaalamu wa mifugo. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyouma. Na mchanje kabla ya yote haya: kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mikoa yetu imewahi kuwa ndani ya mradi wa Shirika la Afya Duniani wa kutokomeza kichaa cha mbwa, ulioanza mwaka 2010, kwa kuwachanja mbwa kwa kampeni za vijiji. Ikitangazwa kampeni kijijini kwako, mpeleke akiwa kwenye kamba, mtu mzima ndiye ashike.

Mbwa asipobadilika

Wapo mbwa ambao baada ya miezi minne ya kazi ya kweli bado hukazia macho kila mtoto anayepita, na zipo nyumba zenye watoto wengi wadogo na mtu mzima mmoja tu. Kama mbwa ametoboa ngozi zaidi ya mara moja, au kama wewe mwenyewe unajua kwamba huwezi kushika kamba kila siku, mtafutie makazi yasiyo na watoto wadogo: shamba lenye mlinzi, zizi la mbuzi la mtu mzima anayeishi peke yake, au ghala. Usimwachie barabarani na usimpeleke kijiji cha mbali kumtupa, kwa kuwa huko nako kuna watoto.

Unapomkabidhi, mwambie anayempokea ukweli wote mbele ya shahidi: ni nini alichokifanya, kwa nani, na mara ngapi. Mpe kadi ya chanjo, kamba yake, na maneno aliyofundishwa yakiwa yameandikwa kama yalivyo, "Gunia", "Njoo", "Acha", pamoja na lile gunia lenyewe likiwa halijafuliwa, ili usiku wa kwanza apate mahali penye harufu anayoijua pa kulala.